Uniti Moja ya LUKU ni Kitu Gani?

NEEMA: Karibuni tena, hasa ninyi wa sekondari mnaotusikiliza baada ya prepu. Leo ni umeme. Kaka Salum, tuanzie kwenye mita ya nyumbani: uniti moja ya LUKU ni nini hasa?

SALUM: Ni kilowati saa moja. Chombo cha wati 1,000 kikifanya kazi saa nzima bila kukata, uniti moja imekwisha. Sasa chukua balbu ya wati 9. Gawa 1,000 kwa 9: itawaka saa 111 ndipo imalize uniti ile ile.

NEEMA: Na nyumbani tunagombezwa kwa taa ya barazani, wakati heta inachemsha ndoo ya maji!

SALUM: Heta ndiyo mlaji. Chombo chochote cha kutoa joto kinakula umeme sana. Kigeuze usome kibandiko chake, wati zimeandikwa pale. Zidisha kwa saa za matumizi, gawa kwa 1,000. Wati ni kasi ya kula, uniti ni kiasi kilicholiwa. Nguvu na nishati, Neema, zinawaangusha wanafunzi wengi, na inaniuma kwa sababu vibandiko wanavyo nyumbani.

NEEMA: Ampea je?

SALUM: Wati gawa kwa volti. Soketi zetu ni volti 230, kwa hiyo heta ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ongeza pasi kwenye ekstensheni hiyo hiyo yenye waya mwembamba, waya utapata moto mpaka plastiki inuke. Ukisikia harufu hiyo, zima swichi ya ukutani kwanza. Waya usiuguse.

NEEMA: Wadogo zangu, hilo mlishike. Haya, umeme wenyewe unazalishwaje?

SALUM: Nenda Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere. Kuna mitambo 9, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Maji yanashuka kwa kasi, yanazungusha turbini, nayo inazungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka, umeme unapita kwenye nyaya. Msingi wake aliuonyesha Michael Faraday mwaka 1831.

NEEMA: Na gesi ya Songo Songo?

SALUM: Inachomwa ili izungushe turbini. Olkaria, kule Naivasha nchini Kenya, kazi hiyo inafanywa na mvuke wa jotoardhi. Sola ndiyo haina kinachozunguka: mwanga unapiga silikoni, elektroni zinasogea.

NEEMA: Mbona kutoka Rufiji hadi Chalinze umeme unasafiri kwa kilovolti 400, na sisi tunatumia volti 230?

SALUM: Hapo ndipo ninapopapenda. Kwa nguvu ile ile, ukipandisha volti, ampea zinashuka. Joto linalopotea njiani linafuata kipeo cha pili cha ampea: zikipungua mara 10, upotevu unapungua mara 100. Transfoma zinapandisha mwanzoni, kisha zinashusha kwa hatua hadi ile ya kwenye nguzo mtaani kwenu.

NEEMA: Wape swali la wiki.

SALUM: Friji ya wati 150, kompresa yake inafanya kazi jumla ya saa 8 kwa siku. Kwa siku 30 itakula uniti ngapi? Hatua zote za hesabu zionekane.