Alama ya kidole yenye kwinini, tunaiwasha kwa tochi ya UV

Mambo wadau, niko Igoma hapa Mwanza chumbani kwangu, umeme umekatika na leo silalamiki maana giza ndo tunalitaka. Mnaniulizaga sana, eti ni kweli polisi wanakumulika tu kidole wanajua ulishika unga, yaani dawa za kulevya? Haya tujaribu, ila unga hatugusi jamani, tunatumia kwinini, ile dawa ya malaria, imo kidogo kwenye soda ya toniki ndo ule uchungu wake.

Mimina toniki kwenye kisosi, iache ikauke mpaka inate kama asali. Nimeiweka tangu asubuhi, joto la Mwanza linafanya kazi yenyewe. Tochi ya UV, yaani ya mwanga ambao jicho halioni, iwe ya nanomita 365 (ndo kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga wake), sio 395, hiyo ya 395 inamwaga zambarau kibao afu kwinini haiupokei vizuri huo mwanga wake. Za 365 nauza mwenyewe, nisiwafiche.

Sasa kioo, ndo tutakapoweka alama ya kidole. Sikilizeni hapa. Kioo USIOSHE na sabuni ya unga. Futa na spiriti na kitambaa cheusi, basi. Sabuni ya unga ina dawa ya kung'arisha nguo, nayo inawaka bluu ileile, mi mara ya kwanza nilimuita jirani aje aone alama, kumbe tunashangaa povu la jana. Nikaaibika. Kwaiyo sio sabuni ya unga, sawa?

Gusa kisosi kidogo tu, mguso wa kwanza weka pembeni utoe kilichozidi, mguso wa pili kwenye kioo ndo wetu. Weka, nyanyua. Usibonyeze kama unabonyeza kengele, mistari itaungana yote iwe doa.

Kioo juu ya kitambaa cheusi, mulika kutokea ubavuni, machoni usimulike kabi— ngoja. Ngoja kwanza. Mnaona kwenye kamera huko nyuma kuna libluu likubwa? Dogo, nini hiyo? ...Aah ni shati langu! Jeupe, nimelifulia nini? Sabuni ya unga. Yaani nawaonya afu nimeivaa. Navua, msicheke.

Haya tena. Oneni sasa, ile mistari, pale katikati inazunguka kama maji yakiingia kwenye tundu la sinki, bluu ya maziwa hivi. Kwinini inameza mwanga ambao jicho halioni, inautema ukiwa bluu. Mwaka 1852 Stokes, mwanasayansi wa kule Uingereza, aliandika kuhusu jambo hilihili, na kwinini ilikuwa mojawapo ya vitu alivyomulika.

Ila sasa msije mkakimbia mtaani kumulika watu. Kuwaka sio ushahidi, shati langu limewaka na halijavuta kitu. Mwanga unakuonyesha tu pa kuangalia. Kujua ni dawa gani hasa wanapeleka kwenye mashine inayopima uzito wa molekuli, 2015 watu wa Chuo Kikuu cha Surrey walionyesha unaweza kukuta kwenye alama ya kidole hata mabaki ambayo mwili wenyewe unatengeneza mtu akishatumia kokeini, yanatoka na jasho. Hapa kwetu kazi ya kupima iko kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, sio kwangu mimi na tochi yangu.

Na kuna kitu napenda kuliko vyote. Toniki kwenye glasi, mulika, bluu safi. Sasa tia chumvi ya mezani, koroga... koroga... mnaona inafifia? Kwinini bado imo yote humo, haijaenda popote, ni kloraidi ya kwenye chumvi inaizuia kutema mwanga. Sasa fikiria jasho lina chumvi kiasi gani, mvuvi wa Kirumba ametoka kuvuta nyavu juani, ukimulika kidole chake usione kitu utasema hakushika kwinini? Giza kwenye alama nalo sio ushahidi, mnanielewa?

Picha piga sasa, funga kipimo cha mwanga cha kamera ya simu, yaani bonyeza skrini ushikilie mpaka mwanga wa picha ukae palepale usijirekebishe wenyewe, egemeza mkono me— eeh umeme huo umerudi. Zima taa! Zima! Dogo, we dogo, hiyo glasi weka chini, hiyo nimetia ch... kashainywa.