Pumzi Imerudi, Mfupa Bado

Haya jamani, mliosimama nyuma sogeeni, viti vipo. Leo nataka kitu kimoja tu kiwaingie. Mkimbiaji akiumia, akakaa wiki kadhaa, akarudi barabarani halafu akaumia tena, mara nyingi kilichomponza ni pumzi. Ndio, pumzi. Inarudi mapema mno, unajiona uko fiti kabisa, kumbe mfupa na kano, ile kamba ngumu inayoshika msuli kwenye mfupa, bado vinasuasua huko nyuma.

Tuanze na kinachopotea ukikaa. Siku chache tu bila tizi, yale maji ya damu yanapungua, kwahiyo kila pigo la moyo linasukuma damu kidogo, ndio maana ukirudi baada ya wiki mbili mapigo yanapaa kwa mwendo uleule uliokuwa unapigia stori, na unajiona umekwisha. Hujaisha bana. Mwaka 1984 kule Marekani Edward Coyle na wenzake waliwaachisha mazoezi watu waliokuwa fiti kwelikweli, wakawa wanawapima. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulishuka asilimia 7 ndani ya siku 21 za kwanza, ukaja kutulia siku ya 56 hivi ukiwa chini kwa asilimia 16, na vile vimishipa vidogo vya damu ndani ya misuli havikupungua kabisa. Maana yake msingi unabaki. Ukianza tena kukimbia maji ya damu yanarudi haraka, na wiki ya tatu unajisikia simba.

Sasa mfupa. Mfupa ukipewa mzigo mpya haukimbilii kujenga, unaanza kubomoa. Kuna seli zinazokula sehemu iliyochoka, hiyo inachukua kama wiki 3, ndio zinakuja seli nyingine kujenga taratibu, na ujenzi huo ni miezi kama 3. Pigeni hesabu wenyewe: zile siku unazojisikia simba ndizo siku ambazo mfupa wako una vitundu vingi kuliko siku uliyoanza! Hapo ndipo mtu anaongeza spidi, anaongeza na kilomita, wiki hiyohiyo, halafu anashangaa ugoko unauma. Na hili sio jambo la juzi, Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliokuwa wakivimba miguu kwa kutembezwa sana, ni nyufa za mfupa hizo, na eksirei ya kuzionyesha haijavumbuliwa.

Mnataka mfano wa mkubwa? Paula Radcliffe, Mwingereza wa mbio za marathon, saa 2:15:25 London mwaka 2003, rekodi ya dunia iliyokaa miaka na miaka. Mwaka 2008, miezi michache kabla ya Olimpiki ya Beijing, akapata ufa kwenye mfupa wa paja. Hakukaa bure, alikimbia ndani ya maji, akapiga mazoezi mengine yasiyogonga mguu, moyo na mapafu yakabaki vizuri tu. Kafika Beijing, pumzi anayo, miguu haijazoea lami. Msuli ukamkaza njiani, akasimama kunyoosha, akamaliza wa 23. Novemba ya mwaka huohuo kaenda New York akashinda. Mtu yuleyule! Kilichobadilika zaidi ni kwamba miguu ilipewa miezi ya kugongana na barabara, na hiyo huwezi kuinunua kwenye bwawa la kuogelea. Bwawa na baiskeli fanyeni, nawashauri sana, ila mjue vinatunza nini na nini havitunzi.

Kano ni habari nyingine kabisa, na hapa watu wanachanganya. Mfupa wenye ufa unaupumzisha. Kano ya kisigino ukiipumzisha tu inazidi kulegea, ukirudi inauma palepale. Håkan Alfredson, Msweden, mwaka 1998 alichukua wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino, akawasimamisha kwenye ngazi washushe kisigino taratibu, mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku kwa wiki 12. Hizo ni 180 kwa siku, na wote 15 walirudi kukimbia. Inachosha, inaboa, na mwanzoni inauma, ndio maana wengi mnaiacha wiki ya pili mnakimbilia kuchuliwa na mafuta ya kupaka.

Tofauti utaijuaje? Bonyeza kwa kidole. Mfupa unauma sehemu moja ndogo, ukiruka kwa mguu mmoja unasikia palepale, na baadaye unauma hata umelala. Hapo usijitibu, nenda hospitali, na ikiwa ni kinenani hapa karibu na nyonga nenda leoleo, shingo ya paja sio ya kuchezea. Kano yenyewe inakuwa ngumu asubuhi, ukitembea inaachia. Maumivu madogo ya kano wakati wa zoezi sio kesi, ili mradi kesho yake asubuhi hayajazidi. Na tafadhali, ile tabia ya kumeza diklofenaki ndio utoke kukimbia muiache, unazima alamu yako mwenyewe.

Dada zangu, hili nalisema hadharani: siku zako zikikata miezi mitatu na huna mimba, usifurahie kwamba umekuwa mwepesi. Mara nyingi mwili haupati chakula cha kutosha, na mfupa unalipia. Tatizo hili la chakula kutotosha Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ililitolea mwongozo mwaka 2014, na wanaume pia linawapata.

Kurudi kwenyewe sasa. Kwanza utembee nusu saa kwa kasi bila maumivu, halafu kimbia dakika moja tembea dakika mbili, siku moja ndio siku moja hapana. Ongeza muda kwanza, spidi iwe ya mwisho. Vile vikundi vya wakimbiaji wa Iten na Kaptagat kule Kenya vinaanza mbio za asubuhi polepole mpaka mgeni anadhani wanamchezea, sasa wewe uliyetoka kwenye jeraha haraka ya nini?

Kaka pale umenyoosha mkono. Ugoko, daktari kakuruhusu juzi, Kilimanjaro Marathon imebaki wiki 6 na umeshalipia ya kilomita 21? Basi siku hiyo njoo Moshi ukimbie ile ya kilomita 5, na utembee pale panapopanda. Hela ya kilomita 21 isamehe.