Mita ya gesi asilia: hesabu moto kabla hujachagua

Karibuni, ndugu zangu. Leo nipo Sinza, kwa mama mmoja mwenye mgahawa. Bomba la gesi limeshafika getini, naye ananiuliza: "Fundi, nifunge mita ya ukubwa gani?"

Usiangalie unene wa bomba, na usichukue kubwa ukisema bora izidi. Mita inafuata moto unaouwasha.

Kwanza tunageuza jiko. Sogeza kamera hapa nyuma: mnaona hiki kibati? Kimejaa mafuta, nakisugua kwa sabuni. Haya, kinasomeka: 12 kW, yaani kilowati 12, nguvu ya moto wake. Kama chako kinataja gesi ya mtungi kwa gramu, gramu 727 kwa saa ni sawa na 10 kW. Usikisie, tafadhali. Kosa la hesabu nzima huanzia hapa.

Sasa jumlisha. Majiko manne ya 12 kW ni 48, kikaangio cha chipsi 18, oveni 14. Jumla 80. Gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay karibu yote ni methani, na mita moja ya ujazo inatoa takriban kilowati-saa 10. Kwa hiyo gawa kwa kumi: mama anahitaji mita za ujazo 8 kwa saa vyote vikiwaka. Na saa sita mchana hapa vyote vinawaka, nimejionea.

Tuje kwenye mita yenyewe. Hapa wengi wanakosea: G6, ambalo ni jina la saizi ya mita, haimaanishi mita za ujazo 6. Soma palipoandikwa Qmax, yaani gesi nyingi kabisa mita inayoweza kupitisha kwa saa. G4 inapitisha 6 kwa saa, G6 inapitisha 10, G10 inapitisha 16. Kwa mama, G4 itambana. Mchana moto utalegea wali ukiwa bado mbichi. G6 inamtosha. Ila ananiambia anataka kikaangio cha pili, na hapo tunafika 9.8, ukingoni kabisa. Kama kweli anakinunua, namshauri G10.

Ubaya wa kubwa mno uko kwenye Qmin, yaani gesi kidogo kabisa ambayo mita inaipima kwa uhakika. Ya G10 ni mita za ujazo 0.1 kwa saa, na kile kimoto kidogo cha kuwashia oveni kinakula kama 0.02 tu. Kikiwaka peke yake, kipimo hakiaminiki tena.

Nyumbani, jiko la plati nne na oveni ni kama 10 kW, na G1.6 inatosha.

Kufunga mita mwachie mtoa huduma. Wewe mpelekee hesabu. Majiko ya mtungi nayo yabadilishwe nozeli, vile vitundu vinavyotoa gesi.

Ikishafungwa, washa vyote kwa dakika sita ukiangalia namba nyekundu, ambazo ni lita. Zidisha kwa kumi. Kwa mama zikisogea lita 800, ni 8 kwa saa, hesabu yetu imekubali. Zikipungua sana na moto ukawa mfupi, mwite fundi aangalie presha kabla hujapika.