Alipwe, alipe: jinsi vinasaba vinavyonakiliwa na kusomwa

(Mhadhara wa wazi, Dodoma mjini, Jumamosi jioni, mbele ya wazazi, wanafunzi wa sekondari na majirani.)

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wanafunzi, mmenizoea darasani. Leo mnivumilie nikiongea na wazazi wenu.

Nikitamka DNA hapa Dodoma najua picha inayowajia: baba, mama, mtoto, na bahasha ya Mkemia Mkuu wa Serikali. (Kicheko.) Neno hilo limeingia mtaani kwa mlango wa ugomvi. Tangu mwaka 2009 tuna sheria ya kusimamia vinasaba vya binadamu, lakini wengi wetu tunakisikia kipimo hicho pale tu mtoto anapokataliwa. Leo kesi hiyo tuiweke pembeni. Nataka tuone kazi ambayo DNA inaifanya mwilini mwako sasa hivi, wakati umekaa hapo unajipepea kwa daftari.

Naanza na aibu yangu. Kabla sijawa mwalimu nilikuwa nachapa barua kwenye ofisi moja ya hapa mjini, jina lake liacheni. Siku moja nikapewa dokezo: mtumishi fulani alipwe posho ya safari ya siku nne. Mimi nikachapa, "Mtumishi tajwa alipe posho ya safari ya siku nne." Herufi moja tu, w, imedondoka. Barua ikasainiwa, ikatolewa kopi: moja kwa mhasibu, moja kwenye jalada, moja kwa mhusika. Yule bwana alikuja masijala ameishika karatasi kwa vidole viwili kama kitu kilichooza. "Kijana, nimelala gesti Mpwapwa siku nne, sasa mimi ndiye niwalipe ninyi?"

Mashine ya kopi haikukosea. Mhasibu naye hakukosea, alisoma kilichoandikwa. Kila aliyenifuata alifanya kazi yake kwa uaminifu, na ni uaminifu huohuo uliolifikisha kosa langu kila mahali. Hilo mlishike, tutalihitaji tukifika kwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Sasa DNA yenyewe, maandishi ya urithi yaliyo ndani ya seli. Alfabeti yake ina herufi nne tu: A, T, G na C. Umepewa herufi kama bilioni 3 na mama yako, na nyingine bilioni 3 hivi na baba yako, zimefungwa katika kromosomu 46. Ukizinyoosha nyuzi zote za seli moja ukaziunga, zinafika karibu mita 2, urefu wa mlango. Na zote zinakaa ndani ya kiini cha seli ambacho jicho halikioni. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, na herufi za uzi huu zimeshikana na za uzi ule kwa utaratibu usiobadilika: A na T, G na C. Ukinipa uzi mmoja, nakuandikia wa pili bila kuuona.

Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, Uingereza. Walisaidiwa sana na picha ya eksirei iliyopigwa 1952 katika kazi ya Rosalind Franklin kule London, ambayo Watson alionyeshwa pasipo mwenyewe Franklin kujua. Mama huyo alifariki 1958 akiwa na miaka 37. Nobel ikaja 1962, wakapewa wanaume watatu. Mimi hilo linanikera kila mwaka nikilifundisha, basi nimelisema.

Seli ikitaka kugawanyika, lazima kwanza DNA yote inakiliwe. Nyuzi zinaachanishwa kama zipu, kisha kimeng'enya kinachoitwa DNA polimerasi kinapita juu ya kila uzi kikiweka mwenza wa kila herufi. Mwishoni kuna jozi mbili, kila jozi ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Wanasayansi Meselson na Stahl walilithibitisha hilo mwaka 1958. Kwa binadamu, polimerasi huandika kama herufi 50 kwa sekunde. Ni kasi, lakini pigeni hesabu: kromosomu yetu ndefu kuliko zote ina herufi karibu milioni 250. Ukianzia ncha moja kwenda nyingine, ni karibu miezi miwili. Seli inamaliza kwa saa nane hivi. Inawezaje? Haianzii nchani. Inafungua zipu maelfu ya sehemu kwa pamoja, kama shamba la mtama linapolimwa kwa kiwili, majirani wote pamoja, na kila mtu ameanzia kwake.

Kuna ugumu mwingine ambao mimi ndio unaonifurahisha. Polimerasi inaandika upande mmoja tu, haiwezi kuandika kinyumenyume. Na nyuzi mbili za DNA zimeelekeana kichwa na miguu. Uzi mmoja unaandikwa moja kwa moja bila shida. Wa pili unaandikwa vipande vipande: zipu inafunguka kidogo, kinaandikwa kipande, inafunguka tena, kinaandikwa kingine, halafu kimeng'enya kingine kinaviunga. Aliyewahi kumwangalia bibi anashona mkeka kutoka kwenye kili ameshaelewa. Vipande hivyo viligunduliwa miaka ya 1960 na mume na mke, Reiji na Tsuneko Okazaki, wa Japani. Reiji alikuwa kijana Hiroshima bomu lilipoanguka. Alifariki 1975 kwa saratani ya damu, ugonjwa ambao chanzo chake ni DNA iliyoharibika.

Na makosa? Yapo. Polimerasi hukosea karibu mara moja katika kila herufi laki moja. Lakini ikihisi herufi haijakaa sawa, inarudi hatua moja, inaifuta, inaandika upya. Ikishapita, vimeng'enya vingine vinakuja kukagua nyuma yake. Baada ya ukaguzi wote hubaki kama kosa moja katika herufi bilioni, au pungufu ya hapo. Ofisi yetu ilikuwa na mkaguzi mmoja, na siku ile alikuwa ameenda msibani.

Kwa wenye zabibu, wa Mpunguzi, Hombolo na Makutupora: mzabibu hamuupandi kwa mbegu. Mnakata tawi lenye macho yake, mnalichomeka. Basi mti wa jirani uliyempa kipando na mti wako ni maandishi yaleyale, kopi ya kopi ya kopi, ndiyo maana zabibu ya leo ina utamu wa ile ya mzee aliyeanza. Mbegu ingeyachanganya maandishi upya, na usingejua utavuna nini.

Hiyo ni kunakili. Kusoma ni jambo jingine.

Huu ni mji wa majalada, hasa tangu Serikali ihamie. Mnajua sheria ya masijala: jalada halisi halitoki. Ukitaka kuifanyia kazi barua iliyomo, unapewa nakala. Seli nayo hivyohivyo. DNA haitoki kwenye kiini. Protini ikihitajika, kimeng'enya cha RNA polimerasi kinafungua ukurasa huo mmoja na kuandika nakala inayoitwa RNA mjumbe, ambayo badala ya T hutumia U. Nakala hiyo kwanza inapunguzwa. Ukurasa wa globini beta, ambayo ni sehemu ya himoglobini ya damu, una vipande vitatu vya maana, na katikati yake viwili vinavyokatwa na kutupwa. Mambo haya ya kukata yalijulikana 1977, na watu walishangaa kweli. Nani anaandika barua akichomeka aya zisizotakiwa ili karani azikate?

Nakala ikitoka nje ya kiini inakutana na ribosomu. Huyu ndiye fundi. Anasoma herufi tatu tatu. Ngoja niandike ubaoni:

MTU ALE YAI

Maneno matatu, kila moja herufi tatu. Sasa nabadilisha herufi moja tu: MBU ALE YAI. (Kicheko.) Sentensi imebaki na umbo lake, maana imehama. Tena huyo mbu msimsahau, atarudi. Sasa nirudishe ya kwanza, halafu niidondoshe T kabisa. Fundi hajui kuna pengo, anaendelea kuhesabu tatu tatu: MUA LEY AI. Neno la kwanza bado lina maana, ni mua wa kutafuna, lakini kuanzia hapo ni takataka tupu. Kwa hiyo kudondosha herufi mara nyingi huharibu zaidi kuliko kubadilisha.

Kwa herufi nne, maneno ya herufi tatu yanayowezekana ni 64. Maneno 61 yanataja asidi amino, yaani vipande vinavyoungwa kuwa protini; matatu yanasema "simama hapa". La kuanzia ni AUG. Kamusi hii ilianza kufunguliwa Marekani mwaka 1961, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walipotengeneza RNA yenye U tupu, UUUUUU, wakaitia kwenye mchuzi wa seli zilizopasuliwa, wakapata mnyororo wa asidi amino ya aina moja tu, fenilalanini. Neno la kwanza likajulikana: UUU. Na kamusi hiyo, isipokuwa tofauti ndogondogo, ni moja kwa mtu, mbuyu, mbuzi na bakteria. Hapo mimi huwa nanyamaza kidogo.

(Kimya.)

Asidi amino zenyewe huletwa na wapagazi, RNA ndogo ambazo kila moja upande huu imebeba asidi amino yake, na upande ule ina herufi tatu za kujitambulisha. Mpagazi akilingana na neno lililo mbele ya fundi, anaushusha mzigo, unaungwa kwenye mnyororo kama ushanga, naye anaondoka kutafuta mwingine. Asidi amino zinazotumika ni aina 20. Ribosomu yetu inaunga kama tano kwa sekunde. Mnyororo wa globini beta wenye shanga 146 unamalizika kwa nusu dakika. Kisha unajikunja wenyewe, na umbo hilo ndilo linaloupa kazi.

Sasa ushanga wa sita. Kwa wengi wetu neno la sita baada ya AUG ya kuanzia kwenye nakala ya globini beta ni GAG, na fundi anaweka glutamati. Kwa wengine A moja imekuwa U: GUG. Fundi anaweka valini. Ushanga mmoja kati ya 146! Lakini valini haipendi maji, na inakaa juu juu ya protini. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini hiyo inajibanza kwenye himoglobini ya jirani, na hiyo kwa nyingine, zikawa kama vijiti ndani ya chembe nyekundu. Chembe inapinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia usiku viungo vinamuuma. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa ni tofauti; Vernon Ingram akaukuta ushanga wenyewe, matokeo yake yakatoka 1956 na 1957.

(Hapa mama mmoja wa safu ya tatu alisimama. "Mwalimu, samahani. Kwetu walisema damu mbaya ni ya upande wangu. Sasa kosa ni la nani?")

Asante, mama yangu. Ili mtoto augue selimundu yenyewe, lazima apokee ukurasa wenye GUG kwa mama na kwa baba, pande zote mbili. Mmoja peke yake hawezi kumletea. Na hao wawili kwa kawaida hawaumwi, maana kila mmoja ana ukurasa mwingine mzima. Katika kila mimba, nafasi ya mtoto kuugua ni moja kwa nne. Kila mimba, narudia. Haina maana kwamba akishaugua mmoja watatu wanaofuata wako salama. Kwa hiyo watakaorudia maneno hayo waambie wahesabu kurasa mbili.

Tena kwa kuwa tumezungumza upande: kila mtoto huzaliwa na herufi mpya kama 60 au 70 ambazo wazazi wake hawakuwa nazo, na nyingi zaidi hutoka kwa baba, kwa sababu mbegu za kiume hunakiliwa upya maisha yote ya mwanaume. (Akina mama walipiga vigelegele.) Akina baba, tulieni, nyingi hazina madhara.

Na kwa nini GUG imeenea hivi kwetu? Ndiyo yule mbu. Anthony Allison alifanya kazi Afrika Mashariki, na mwaka 1954 akaonyesha kuwa mwenye ukurasa mmoja wa selimundu hulindwa dhidi ya malaria. Mahali penye malaria nyingi, watoto hao walipona wenzao walipokufa, wakakua, wakazaa, na herufi ikanakiliwa, kwa uaminifu uleule wa mashine yetu ya kopi.

(Swali la mwisho lilitoka nyuma, kwa kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia ngumu mkononi: "Mwalimu, hiyo chembe nyekundu ikishapinda, haiwezi kurudi kwenye DNA yake ikajirekebisha?")

Kaka, hilo swali wanafunzi wangu hawajawahi kuniuliza. Haiwezi, kwa sababu haina DNA. Chembe nyekundu ikikaribia kukomaa kwenye uboho wa mifupa, inakitupa kiini chake chote nje. Masijala imefungwa, jalada limeondoka. Inabaki na nakala chache za RNA mezani, ribosomu zinazimalizia kwa siku moja au mbili, kisha nazo zinakwisha. Hata bahasha ya Mkemia Mkuu tuliyoanza nayo, sampuli ikiwa ni damu, wanaosomwa humo ni chembe nyeupe. Nyekundu inaingia barabarani na himoglobini iliyotengenezewa, inaishi siku kama 120. Ya selimundu hufa baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana wagonjwa hawa huishiwa damu. Na ndiyo maana madaktari wanaohariri vinasaba, kwa tiba iliyoidhinishwa kwanza Uingereza mwishoni mwa 2023, hawahangaiki na damu inayozunguka. Wanachukua seli mama za uboho, kule ambako jalada bado lipo.