Mpiga ngoma wa Savannah

Hamjambo ndugu zangu wa nyumbani! Kilwa mpo? Lindi, Mtwara, Dar, karibuni. Leo siwazungushi madukani. Niko Franklin Square, hapa Savannah, jimbo la Georgia. Ngoja nigeuze kamera. Mnaiona sanamu ya huyo mtoto mwenye ngoma? Ni Henri Christophe. Inasimuliwa alikuja kupigana hapa akiwa na miaka kama 12, na ukubwani akawa mfalme wa Haiti.

Katika vita vya uhuru wa Marekani, Ufaransa iliungana na Wamarekani dhidi ya Mwingereza mwaka 1778. Mkiuliza ni nani aliyesaidia, mtatajiwa Lafayette, ofisa wa Kifaransa. Kaburi lake liko Picpus, Paris, bendera ya Marekani inapepea hapo, na kila tarehe 4 Julai watu huenda kumuenzi. Maofisa wa Kifaransa walianzisha chama chao 1784, na leo wazao wao wanarithishana uanachama. Vizuri, wamkumbuke babu yao.

Lakini Septemba 1779, Admirali d'Estaing wa Ufaransa alipoleta meli zake pwani hii, alishusha pia zaidi ya wanaume 500 huru, weusi na machotara, kutoka Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo tunaliita Haiti. Walijitolea. Tarehe 9 Oktoba majeshi yakaushambulia mji huu alfajiri, yakarudishwa nyuma, na waliokufa na kujeruhiwa walikuwa mamia. Mji ukabaki mikononi mwa Mwingereza.

Halafu kimya, jamani. Zaidi ya miaka 200! Haiti ilipojitwalia uhuru wake mwaka 1804, Marekani hiyohiyo haikuitambua mpaka 1862. Hilo linaniuma kila nikipita hapa.

Waliovunja kimya hicho ni Wahaiti wenyewe. Jumuiya yao ya historia, ya kule Miami, ndiyo iliyohangaika mpaka sanamu hizi zikazinduliwa mwaka 2007, na nyingine zikaongezwa 2009. Hapa hakuna anayekudai karatasi za ukoo. Mhaiti akifika anasimama mbele ya hawa wanaume na kusema, hawa ni babu zetu, basi.

Sasa watu wa Kilwa, nisikilizeni. Mwaka 1776, Wamarekani walipotangaza uhuru wao, Mfaransa mmoja aitwaye Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka. Wengi wa watumwa wa Wafaransa kutoka pwani yetu walipelekwa Mauritius na Réunion, lakini wapo waliovushwa mpaka Saint-Domingue. Huko waliitwa Wamozambiki, hata kama mtu hakutokea Msumbiji.

Ndiyo maana siwezi kupita tu hapa. Bibi, najua unaangalia, mjukuu wako amekushikia simu. Nasogea karibu. Mtazame huyu mtoto usoni, bibi, taratibu.