Kayabo Ikigeuka Nyekundu

NEEMA: Karibuni tena. Leo tunaanzia Mwaloni, pale Kirumba, kwenye kayabo. Kwa msikilizaji aliye mbali na Mwanza, kayabo ni sangara aliyepasuliwa, akashindiliwa chumvi, akaanikwa, akafungwa mizigo. Mingi inaishia Kongo. Kaka Masanja, wewe umekulia humo.

MASANJA: Nimekulia humo, dada Neema. Shangazi aliyenilea alikuwa akiifanya biashara hiyo. Masika moja mzigo ulichelewa kusafiri, tukaufungua kuukagua. Nyama imeingia wekundu kama juisi ya rozela, ukigusa inateleza, harufu siyo. Watu wakasema amebania chumvi. Mimi ndiye niliyebeba zile ndoo za chumvi, najua hakubania. Lile neno lilimuuma kuliko hasara yenyewe.

NEEMA: Pole yake. Kumbe tatizo lilikuwa nini?

MASANJA: Wekundu ulikuja na chumvi. Kuna kijidudu kinaitwa Halobacterium salinarum. Mwaka 1922 Harrison na Kennedy, watafiti wa Kanada, walikieleza baada ya kukikuta kwenye samaki wa chumvi aliyegeuka hivyo hivyo. Jina lina "bacterium" ndani yake, lakini siku hizi kinawekwa kwenye kundi jingine kabisa, akea.

NEEMA: Subiri. Sisi tunatia chumvi ili vijidudu vife.

MASANJA: Na vingi vinakufa kweli. Ukikata nyanya za kachumbari ukanyunyiza chumvi, muda mfupi tu sahani inajaa maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya nyanya. Bakteria wa kuozesha samaki yanawapata hayo hayo: wanakaushwa. Hiki kingine kimejaza chumvi ndani ya mwili wake. Sodiamu kinaisukuma nje, potasiamu kinaikusanya ndani, mpaka ndani na nje vinalingana. Maji yanakosa sababu ya kutoka.

NEEMA: Na protini zake? Chumvi nyingi namna hiyo si inazigandisha?

MASANJA: Za kwetu zingegandamana zote. Za kwake zimejaa chaji hasi upande wa juu, zinayashika maji kwa nguvu kiasi kwamba chumvi haiwezi kuyanyang'anya. Nilipolielewa hilo, usiku huo sikulala mapema. Maana kuna upande wa pili: hakiwezi tena kuishi bila chumvi. Ukikitia kwenye maji yasiyo na chumvi, zile chaji zinakosa cha kuzituliza, zinasukumana, protini zinafumuka, ukuta unaachana, kinapasuka. Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na hata hiyo kwake ni nyepesi mno. Kinastawi kwenye gramu 200 na zaidi.

NEEMA: Kwa hiyo maji ya ziwa letu, haya tunayochota na kunywa...

MASANJA: Kwake ni kifo.

NEEMA: Vyote vya chumvini vinaishi hivyo?

MASANJA: Hapana. Kuna mwani unaitwa Dunaliella, wenyewe hauingizi chumvi, unatengeneza gliserini na kujijaza nayo. Gliserini ile ile tunayopaka miguu ikipasuka.

NEEMA: Na rangi nyekundu ni ya nini?

MASANJA: Kinga dhidi ya jua. Ni ya ukoo mmoja na rangi ya karoti na mawese. Ziwa Natron nalo hugeuka jekundu kwa jamaa wa vijidudu hivi, na kule kuna magadi makali juu ya chumvi. Halafu kina rangi nyingine, ya zambarau, inayonasa mwanga na kuugeuza nguvu, kwa sababu maji ya chumvi hushika oksijeni kidogo sana.

NEEMA: Turudi Mwaloni. Kwenye kayabo kinafikaje?

MASANJA: Chumvi ya pwani, tuseme ya Bagamoyo, hupatikana kwa kukausha maji ya bahari juani. Maji yakikauka, kijidudu kinanaswa ndani ya punje, kwenye kitone kidogo cha maji ya chumvi, kinasubiri. Unaishindilia kwenye samaki mwenye unyevu, kuna joto, kuna hewa, kinaamka.

NEEMA: Mtu akila je?

MASANJA: Chenyewe hakijulikani kuleta ugonjwa. Lakini kinailainisha nyama, na samaki aliyefika hapo hujui kingine kilichoanza ndani yake. Mimi siwapi wanangu.

NEEMA: Shangazi alifanyaje?

MASANJA: Aliacha kurudia chumvi iliyokwisha kutumika. Maana hiyo ndiyo iliyobeba wageni kutoka mzigo hadi mzigo. Na kila mzigo ukitoka, meza, ndoo na chanja vilisuguliwa kwa maji safi yasiyo na chumvi, vikakaushwa juani. Hakuwahi kusikia habari za potasiamu. Aliona tu kwamba pale alipoosha vizuri, wekundu haukurudi.