Mafiga Matatu Hayapiki Hisa

Nimeombwa nizungumzie kuchanganya mifuko ya fahirisi ya kampuni kubwa, za kati na ndogo za Marekani. Fahirisi ni nini, yaani orodha ya hisa ambayo mfuko huinunua yote bila kuchagua, kwa nini gharama zake ni nafuu kuliko za meneja anayechagua hisa kwa jicho lake, hayo mnayajua, nayaruka. Mimi nina neno moja, na wanaonijua wameshalichoka: mafiga matatu.

Mtu akifungua akaunti akakuta mfuko wa S&P 500 wa kampuni kubwa, wa S&P 400 wa kampuni za kati na wa S&P 600 wa kampuni ndogo, mkono unamtuma agawe sawa kwa sawa. Theluthi, theluthi, theluthi. Tumezoea kwamba figa moja likiwa fupi chungu kinapinduka. Haya, chukueni dola 12,000 mzigawe hivyo: 4,000 kila upande. Sasa liulizeni soko lenyewe limegawaje. Ukijumlisha thamani ya kampuni za fahirisi zote tatu, ile ya 500 peke yake inabeba zaidi ya asilimia 90. Kwa hesabu za miaka hii ya karibuni, zile 12,000 zingekaa kama hivi: 11,100 kwa wakubwa, 600 kwa wa kati, 300 kwa wadogo. Wewe wadogo umewapa 4,000. Mara kumi na tatu! Na Apple, Microsoft na Nvidia umewashusha hadi kama theluthi ya uzito wao, yaani sehemu yao ya thamani ya soko, kisha unajiita mtu wa fahirisi. Ndugu yangu, umeweka dau. Umesema wadogo watawashinda wakubwa, na hukujua kwamba umesema.

Naona kuna aliyekwisha kunyanyua mkono: "Lakini utafiti unaonyesha kampuni ndogo hulipa zaidi." Shusha mkono. Mtafiti Rolf Banz aliandika hivyo mwaka 1981, wachumi Fama na French wakaja na yao mwaka 1992, sawa. Ziada hiyo haina ratiba. Inaweza kupotea miaka kumi na zaidi, na baada ya 2010 walioongoza ni wakubwa. Anayeweza kutazama theluthi mbili za fedha zake zikiachwa nyuma mwaka hadi mwaka, asiguse kitu, na aweke. Wengi hawawezi. Mwaka wa kwanza wanavumilia, wa tatu wananuna, wa sita wanauza wadogo na kukimbilia wakubwa waliokwisha kupanda bei. Hapo ndipo hasara inapozaliwa. Ukitaka kuegemea wadogo, andika namba kabla hujanunua: nitazidisha asilimia kadhaa juu ya uzito wa soko, nitaishika miaka kadhaa. Asiyeweza kuiandika namba hiyo hajaamua, amebahatisha.

Basi uwiano ni upi? Kama akaunti yako ina mfuko mmoja wa soko zima, nunua huo urudi nyumbani. Kuchanganya ni kazi ya yule ambaye mpango wa pensheni wa kazini kwake hauna mfuko huo. Watumishi wa serikali kuu ya Marekani, katika mpango wao wa akiba ya uzeeni uitwao TSP, wana Mfuko wa C unaofuata S&P 500, na Mfuko wa S unaofuata fahirisi ya Dow Jones yenye soko lote la Marekani ukitoa zile za 500. Vanguard, kampuni ya mifuko ya uwekezaji, wana mfuko wa kukamilisha wa namna hiyo tangu 1987. Vipande viwili, vinakutana bila mwanya. Kwa miaka mingi watu waligawa 80 kwa 20. Wakubwa wamevimba, siku hizi ni karibu na 85 kwa 15. Unachangia dola 600 kwa mwezi? 510 kwenye C, 90 kwenye S. Basi.

Na huo mwanya ndio kosa la pili. Ukiunganisha S&P 500 na Russell 2000 unaruka kampuni kama 500 za katikati, kwa sababu Russell 2000, fahirisi ya kampuni ndogo, huanza baada ya kampuni ya 1,000 kwa ukubwa. Wengine wanakosea upande wa pili: mfuko wa kampuni za kati wa Vanguard unafuata fahirisi ya watengenezaji wengine, CRSP, ambayo imechora mpaka wa "kati" kwingine kabisa, na sehemu kubwa ya kampuni zake zimo tayari ndani ya S&P 500. Gunia lile lile umelilipia mara mbili. Someni fahirisi inayofuatwa, jina la mfuko ni kifuniko tu.

Kusawazisha mizani, kwa haraka. Ukigawa kwa uzito wa soko, bei zikipanda au kushuka mgawo wako unafuata wenyewe. Kinachovuruga ni kampuni kuvuka mpaka. Tesla iliingia S&P 500 tarehe 21 Desemba 2020 ikiwa tayari ni jitu; mpaka siku hiyo ilikuwa ndicho kipande kikubwa kuliko vyote katika mifuko ya kukamilisha. Mifuko hiyo ikaiuza, ikanunua nyingine kwa fedha zile zile. Dola zako hazikusogea, ila upande wa S ulibaki unawakilisha soko dogo kuliko jana yake. Kwa hiyo angalia uwiano mara moja kwa mwaka, ukitofautiana na wa soko kwa pointi mbili tatu za asilimia, rekebisha kwa michango mipya.

Na msiniulize kwa nini tusipange hivi Nairobi. Soko lina kampuni sitini na kitu, na Safaricom peke yake ni pande kubwa la thamani yote. Utapanga nini juu ya nini?

Kodi ya Marekani nilitaka kuieleza vizuri, mwenyekiti ananionyesha saa. Ndani ya akaunti ya pensheni hamishieni mtakavyo. Kwenye akaunti ya kawaida kuuza kwa faida kunaita kodi, na ukiuza kwa hasara kisha ukanunua kitu kile kile ndani ya siku 30, kabla au baada, hasara hiyo huruhusiwi kuidai mwaka huo. Gawio linalojinunulia hisa lenyewe linahesabika pia, lizimeni kwanza. Maswali.